Mazuti (dizeli) ya serikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magari, jenereta na majiko ya ofisi za umma Lubumbashi

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanaoshika funguo: mkuu wa magari, mtunza stoo, karani wa fedha, shofa, fundi wa jenereta, na mkubwa anayetia sahihi kwenye boni (karatasi ya kutolea mafuta). Maswali ni yale yanayorudi tena na tena katika komini (wilaya za mji), mairi (ofisi ya meya), ofisi za jimbo la Haut-Katanga na idara za taifa zilizoko mjini. Yanahusu gesi zinazopasha dunia joto, lakini karibu kila jibu litakurudisha kwenye lita za mafuta, kwa sababu huko ndiko mkono wa serikali unakofika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Misitu ya miombo inakatwa kila siku kwa ajili ya makala (mkaa). Kwa nini tuhangaike na Jeep ya bugumestre, mkuu wa komini?

Ni swali la haki. Hapa Kongo sehemu kubwa kabisa ya gesi joto inatokana na kukatwa kwa misitu na namna tunavyotumia ardhi. Magari na jenereta zote za serikali mjini Lubumbashi, zikiwekwa kando ya hilo, ni kidogo. Asitokee mtu akawaambia kwamba kubadilisha magari ya ofisi kutaokoa msitu.

Lakini tazameni nani ana uwezo juu ya nini. Kumzuia mchoma makala wa njia ya Kasenga kunahitaji kumtafutia riziki nyingine, na wanunuzi wake mjini kuwatafutia moto mwingine wa kupikia. Ni kazi ya miaka. Boni ya mafuta inahitaji sahihi moja, leo. Na ofisi inayotuma watu kunyang'anya magunia ya makala barabarani huku jenereta yake inanguruma mchana kutwa kwa ajili ya taa nne, itamwambia nini yule mama mwenye gunia?

Kuna pia ahadi ya nchi. Mwaka 2021 Kongo ilitangaza upya mchango wake chini ya Mkataba wa Paris: kupunguza gesi joto kwa asilimia 21 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo kama mambo yangeachwa yaende yalivyo. Katika hizo, asilimia 19 zinategemea msaada wa nje. Asilimia 2 tuliahidi kwa nguvu zetu wenyewe. Hizo 2 hazina mfadhili wa kumsubiri.

Lita moja ya mazuti inatoa gesi kiasi gani?

Kilo 2.7 hivi za kaboni dioksidi. Esanse (petroli) inatoa kilo 2.3 hivi kwa lita.

Wengi wanashtuka, maana lita ya mazuti yenyewe haifikii hata kilo moja kwenye mizani. Inakuwaje itoe kilo mbili na zaidi? Ndani ya injini, kila chembe ya kaboni iliyomo kwenye mafuta inakamata chembe mbili za oksijeni kutoka hewani. Uzito ulioongezeka ni wa hewa tuliyokuwa tunaivuta.

Shikeni namba hizo mbili tu. Hakuna kompyuta wala mtaalamu kutoka Kinshasa anayehitajika kuzidisha lita kwa 2.7.

Ofisi yetu inapaswa kuhesabu nini, na nini si chake?

Utaratibu unaotumika duniani kote unagawanya katika madaraja matatu. La kwanza ni kinachoungua mikononi mwenu: mafuta ya magari yenu, ya jenereta zenu, na gesi inayovuja kwenye klimatizeri zenu (mashine za kupoza hewa). La pili ni umeme mnaonunua. La tatu ni yote mengine mnayosababisha: safari za ndege kwenda Kinshasa, magari ya kukodi, takataka, karatasi, na lori lililoleta mafuta yenyewe kutoka baharini kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Kwa Lubumbashi ushauri wangu ni huu: anzeni na daraja la kwanza, mlimalize vizuri, mengine yafuate. Daraja la pili kwetu ni dogo kwa bahati ya mito. Umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) unaotufikia unatoka zaidi kwenye maji: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na ule unaosafiri karibu kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi kwenye nyaya zilizokamilika mwaka 1982. Nchi nyingi zinazotaka kusafisha ofisi zao zinaanza na umeme wa makaa ya mawe. Sisi umeme wetu ni msafi tayari. Taabu yake ni kwamba haupo unapohitajika, na tutalifikia hilo.

Hatuna daftari lolote. Tunaanzia wapi?

Anzeni na boni. Hata ofisi iliyovurugika kabisa inaacha karatasi kila mafuta yanapotoka, kwa sababu muuza mafuta anataka kulipwa. Kusanyeni boni za miezi mitatu iliyopita, mzitenge kwa gari na kwa jenereta, mjumlishe lita. Hiyo ndiyo hesabu yenu ya kwanza, na haitapendeza.

Tuseme ofisi ina Jeep sita, kila moja inapewa lita 300 kwa mwezi. Hizo ni lita 1,800. Ina jenereta inayokunywa lita 7 kwa saa, inawaka saa 6 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: lita 924. Jumla lita 2,724, sawa na tani 7.4 hivi za kaboni dioksidi kila mwezi. Zidisheni lita hizohizo kwa bei ya pampu ya leo, muweke namba mbili kando kwa kando. Mkubwa asiyesikia habari ya tani atasikia habari ya faranga, na lita ni ileile.

Baada ya hapo ndipo mnafungua daftari la kila gari: tarehe, kilomita kabla na baada, alikokwenda, lita zilizotiwa, jina la shofa. Kilomita ni lazima. Bila kilomita hamtajua kama gari linakunywa sana kwa sababu ya injini mbovu, au kwa sababu mafuta hayaingii yote kwenye tangi lake. Kama mita ya kilomita imekufa, iwe kazi ya kwanza ya garaji, kabla ya kupiga rangi na kabla ya kubadilisha viti. Nimeona ofisi ambako karibu kila mita ilikuwa imekufa. Mita haziwezi kufa zote kwa ajali.

Kwa jenereta, andikeni saa. Nyingi zina kihesabu saa karibu na ufunguo, chenye vumbi, ambacho hakuna anayekitazama.

Lakini mafuta ndiyo mshahara wa watu. Mnataka kuwanyima?

Hapa ndipo mipango mingi inapokufa, kwa hiyo tuseme wazi. Mshahara wa mtumishi wa serikali ukichelewa miezi, lita kumi zinazouzwa pembeni zinakuwa unga wa watoto. Shofa anayefanya hivyo ana tumbo kama wewe. Ofisi ikija na daftari bila kuzungumza naye, daftari litajazwa uongo kufikia Ijumaa.

Njia inayofaa ni kukubaliana kabla. Sehemu ya fedha inayookolewa irudi kwa shofa na fundi kama posho iliyoandikwa, inayopokelewa kwa sahihi, na kila mtu ajue kiasi. Kama ofisi iliokoa lita 400, si haki zote 400 ziishie kwenye safari nyingine ya mkubwa. Na kiwango cha mafuta cha wakubwa nacho kiandikwe kwenye daftari lilelile. Mfano ukianzia juu, walio chini hawatahitaji kulazimishwa sana. Ukianzia chini na kuishia chini, utaonekana ni adhabu, na kwa kweli utakuwa adhabu.

Ikiwezekana, lipieni mafuta kwa kadi au kwa hesabu ya gari kwenye kituo, badala ya karatasi inayoweza kutembea mfukoni.

Umeme unakatika kila siku. Jenereta tuizime tukae gizani?

Hapana. Ila tazameni ukubwa wake. Kosa linaloonekana mara nyingi katika ofisi za umma mjini ni jenereta kubwa mno kwa kazi ndogo. Ilinunuliwa siku kulipokuwa na fedha, au ilitolewa na mfadhili, ina uwezo wa kVA 60 (kipimo cha ukubwa wa jenereta), na kazi yake ya kila siku ni taa, kompyuta chache, mashine ya kunakili na friji moja: labda kilowati 6. Injini kubwa ikifanya kazi ndogo hivyo itakunywa lita 4 hadi 5 kwa saa, na mafuta yasiyoungua vizuri yanaganda ndani ya bomba la moshi mpaka injini inakufa kabla ya wakati. Jenereta ya kVA 12 ingefanya kazi hiyohiyo kwa lita 2.5 hivi. Karibu nusu ya moshi inaondoka, na hakuna mtu aliyekaa gizani.

Kabla hata ya kununua ndogo, kuna mambo ya bure. Wekeni saa za jenereta: iwake wakati watu wanapokuja kuchukua hati, izimwe ofisi inapobaki na mlinzi na redio. Tenganisheni nyaya ili jenereta ihudumie dirisha la wananchi, seva na ofisi zinazohitaji, wala isihudumie birika na klimatizeri ya chumba kitupu. Umeme wa SNEL ukirudi, mtu awe na jukumu la kuzima mara moja. Katika majengo mengi jenereta inaendelea kuwaka baada ya umeme kurudi kwa sababu hakuna aliyeambiwa kuwa ni kazi yake. Taa ndogo ya rangi iliyounganishwa upande wa SNEL, ikiwekwa mahali mlinzi anapokaa, inamaliza tatizo hilo.

Na tafadhali, isogezwe mbali na foleni. Moshi wa mazuti una masizi laini yanayoingia mapafuni hadi ndani. Wajawazito wanaosubiri hati za kuzaliwa za watoto wao wakubwa hawapaswi kusimama masaa kando ya bomba la moshi la serikali yao.

Sola inaweza kubeba ofisi?

Inaweza kubeba sehemu kubwa ya ofisi ya kawaida, kwa sababu ofisi inafanya kazi mchana, na jua nalo liko mchana. Chukueni mzigo uleule wa kilowati 6 kwa saa 8: unahitaji kilowati-saa 48 kwa siku. Lubumbashi, kila kilowati moja ya paneli inaweza kutoa kilowati-saa 4 na zaidi kwa siku ya wastani. Kwa hiyo kilowati 12 za paneli zinatosha, yaani paneli 30 za wati 400, na mita za mraba 60 hivi za paa. Majengo ya umma mjini yana mapaa makubwa kuliko hayo.

Betri ndiyo inayopandisha bei. Ofisi isiyofanya kazi usiku isinunue betri ya usiku kucha. Inunue ya kuvusha mawingu na saa chache za kukatika, na jenereta ndogo ibaki kama akiba ya siku mbaya.

Mambo matatu ya hapa kwetu ambayo maduka hayasemi. Tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini. Kuna mafundi wanaofuata mchoro wa Ulaya na kuzielekeza kusini. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hakuna mvua ya kuziosha, na vumbi pamoja na majivu ya nyasi zinazochomwa yanazifunika, hivyo mtu apande na kitambaa na maji mapema asubuhi kila wiki mbili. Na wezi wapo: boliti ambazo kichwa chake kinakatika zikishakazwa, zisifunguke tena, ni rahisi kuliko paneli mpya.

Sheria nayo haizuii. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme, na SNEL si mzalishaji pekee tena.

Mawingu ya mvua je?

Paneli zinatoa kidogo, hazizimi. Pimeni mahitaji yenu kwa Januari, msipime kwa Agosti.

Tununue magari ya umeme?

Inategemea mtayachajia wapi, na hili lipigiwe hesabu kabla ya hotuba.

Gari la umeme la ukubwa wa kati linatumia kilowati-saa 20 hivi kwa kilomita 100. Ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, semeni 23. Zikitoka SNEL au kwenye paa lenu, moshi wake ni karibu na sifuri. Zikitoka kwenye jenereta ya mazuti inayokunywa theluthi moja ya lita kwa kila kilowati-saa, hizo ni lita 7.7, sawa na kilo 20 na kidogo za kaboni dioksidi. Gari dogo la esanse linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100 linatoa kilo 16. Yaani gari la umeme linalolishwa na jenereta linachafua kuliko gari dogo la kawaida. Jeep ya mazuti yenye lita 12 inabaki mbaya kuliko yote, kilo 32.

Kwa hiyo mpangilio ni sola kwanza, gari la umeme baadaye, na lianze na safari zinazojulikana: barua kati ya komini na mairi, gari la malipo ya kodi, pikipiki za wakaguzi. Gari linalolala ofisini na kutembea kilomita 60 kwa siku mjini linafaa kabisa. Gari la kwenda mbali ndani ya jimbo, kama Pweto au Mitwaba, lisubiri.

Kobalti ni yetu. Mbona magari hayo hatuna?

Uchungu huu ni wa kweli. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, nyingi yake katika jimbo la Lualaba na hapa Haut-Katanga, na malori yake yanapita mbele ya macho yetu kuelekea Kasumbalesa. Lakini betri inatengenezwa mbali, na magari mengi ya bei nafuu siku hizi yanatumia betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata chembe. Serikali ya jimbo ikinunua magari ya umeme haitakuwa imerudisha kobalti nyumbani. Hilo ni suala la viwanda na mikataba. Msichanganye manunuzi ya ofisi na dai hilo, ingawa dai lenyewe ni halali na lisiachwe.

Barabara zetu ni mbovu. Jeep si lazima?

Kwa baadhi ya kazi, ndiyo. Njia za ndani ya jimbo wakati wa mvua hazina huruma kwa gari dogo. Lakini chukueni daftari la miezi mitatu mtazame Jeep zilikwenda wapi kweli. Mara nyingi ni nyumbani kwa mkubwa, ofisini, benki, uwanja wa ndege wa Luano, nyumbani. Lami tupu.

Tuseme kilomita 1,500 kwa mwezi kwa miaka mitano: kilomita 90,000. Jeep ya lita 12 itakunywa lita 10,800 na kutoa tani 29. Gari dogo la esanse la lita 7 litakunywa 6,300 na kutoa tani 14.5. Nusu. Hakuna teknolojia mpya hapo, hakuna betri, hakuna mfadhili. Ni kuchagua gari linalolingana na kazi. Ofisi yenye Jeep sita inaweza kubaki na mbili za safari za nje, zinazoombwa kwa fomu, na gari ndogo nne za mjini.

Ugumu wake najua: Jeep ni heshima. Mkubwa akishuka kwenye gari dogo watu watauliza ameanguka lini. Gavana mmoja au meya mmoja akilifanya kwa hiari, swali hilo litakufa ndani ya mwezi. Kabla ya hapo, mkuu wa magari asibebeshwe lawama peke yake.

Shofa anaacha injini inawaka wakati mkubwa yuko kwenye mkutano. Ni tatizo kweli?

Ndiyo. Injini iliyosimama inakunywa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa, kulingana na ukubwa wake na kama klimatizeri imewashwa. Magari sita, saa mbili kila siku, lita moja kwa saa: lita 264 kwa mwezi, zaidi ya kilo 700 za kaboni dioksidi, na gari halijasogea.

Shofa hafanyi hivyo kwa kupenda. Anaambiwa mkubwa akitoka akute gari lina baridi. Basi agizo litoke kwa mkubwa, kwa maandishi, na shofa apewe mahali pa kukaa penye kivuli.

Matengenezo yanapunguza moshi kiasi gani?

Kuliko watu wanavyodhani, hasa hapa. Kichujio cha hewa katika vumbi la Agosti kinaziba haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Matairi yasiyo na upepo wa kutosha yanaongeza mafuta kwa asilimia chache na kupasuka mapema. Moshi mweusi kutoka gari la mazuti ni mafuta yasiyoungua: noseli (vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini) zikaguliwe. Fedha ya matengenezo itengwe kwenye bajeti kama mstari wake, isiunganishwe na "mahitaji mengineyo", kwa sababu huko italiwa.

Magari ya zamani tuyauze yote mara moja?

Msiuze kabla ya kutazama daftari. Gari zee linalotembea kilomita 200 kwa mwezi linachafua kidogo kuliko gari jipya linalotembea 3,000. Kutengeneza gari jipya nako kunatoa gesi nyingi kiwandani. Ondoeni kwanza lile linalokunywa sana *na* kutembea sana. Na gari la serikali likiuzwa kwa bei ya kutupwa kwa mtu wa ndani, likarudi barabarani na moshi uleule, hewa haijapata kitu.

Klimatizeri na friji zina uhusiano gani na jambo hili?

Mkubwa, na ni rahisi kuusahau kwa sababu gesi yake haionekani wala hainuki. Gesi ya R-410A iliyomo kwenye klimatizeri nyingi za ukutani inapasha dunia joto mara 2,000 na zaidi kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Fundi akiachia kilo moja hewani ili "ajaze upya", ni sawa na kuchoma lita 770 hivi za mazuti. Kwa sekunde chache.

Ndiyo maana nchi za dunia zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi hizi. Kwa ofisi, sharti ni moja: fundi atafute tundu aliunge kwanza, ndipo ajaze, na gesi ya zamani aikusanye kwenye chupa. Liandikwe kwenye mkataba. Fundi anayekuja kujaza klimatizeri ileile kila mwaka hajawahi kuitengeneza. Na mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Juni na Julai dirisha linatosha.

Majiko ya hospitali, magereza na kambi yanahesabiwa?

Yahesabiwe, na ningependa yatangulie magari mengi. Hapa ndipo serikali inapogusa miombo moja kwa moja, kwa sababu inanunua makala na kuni kwa magunia na malori. Kwa tanuru la udongo, kilo moja ya makala inaweza kumeza kilo tano hadi kumi za kuni kabla haijafika jikoni. Taasisi inayolisha mamia ya watu kwa siku inakula msitu, na mpishi anakula moshi.

Hatua ya kwanza ni majiko makubwa yaliyojengewa kwa matofali yenye bomba la moshi na sufuria inayozama ndani; fundi wa mjini anaweza kuyajenga. Kuloweka maharage usiku kunapunguza muda wa moto sana, na hakuna gharama. Mahali penye watu wengi wanaokaa, kama gereza, choo chenyewe kinaweza kutoa gesi ya kupikia: Rwanda ilianza kujenga mitambo ya biogesi magerezani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuni zikapungua huku maji machafu yakipata mahali pa kwenda. Kwa gereza lililojaa, faida ya afya peke yake ingetosha kuwa sababu.

Kuna serikali zilizofanya haya, au ni maneno ya mikutano?

Zipo, na zimefanya kwa njia tofauti. Mji wa Shenzhen, China, ulimaliza kubadilisha mabasi yake yote kuwa ya umeme mwaka 2017, zaidi ya mabasi 16,000. Ethiopia, ambayo umeme wake ni wa maji kama wetu, ilitangaza mwanzoni mwa 2024 kuzuia kuingiza magari ya esanse na mazuti, na sababu yake kubwa ilikuwa dola zinazokwenda kununua mafuta nje. Marekani ilitoa amri Desemba 2021 kwamba magari yote mapya ya serikali kuu yawe yasiyotoa moshi kufikia 2035. Amri hiyo ilifutwa Januari 2025 baada ya rais kubadilika. Hilo la mwisho lina funzo kwa jimbo: jambo likisimama juu ya sahihi ya mtu mmoja, linaondoka naye. Lipitishwe kama edikti na bunge la jimbo, au angalau liingie kwenye bajeti.

Tunaruhusiwa kuweka masharti ya moshi tunaponunua?

Ndiyo. Sheria ya manunuzi ya umma, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, inawataka mwandike mahitaji ya kiufundi ya kitu mnachonunua. Andikeni lita kwa kilomita 100 kama hitaji, na mpime ofa kwa bei ya kununua pamoja na mafuta ya miaka mitano. Gari la bei ndogo dukani mara nyingi litashindwa hapo. Sheria ya mazingira namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inawapa msingi mwingine, na ile ya 08/016 ya mwaka 2008 inaipa komini bajeti yake na mamlaka juu ya mali yake.

Mwaka ukiisha, hesabu tumpe nani?

Nakala moja kwa anayepanga bajeti kabla ya kikao cha bajeti, nakala moja ukutani mlangoni, mahali wananchi wanapopanga foleni. Ukurasa mmoja unatosha: kila gari na mstari wake, kilomita, lita, lita kwa kilomita 100, kila jenereta na saa zake, magunia ya makala kama mna jiko, na lita za mwaka uliopita kando. Magari yaliyolala garaji mwaka mzima yaandikwe pia, na sifuri zake. Likitokea moja lina kilomita sifuri na lita 900, anzeni nalo.